Utepe Huu si Wangu

Jumamosi, tarehe 4 Oktoba. Upepo umevuma tangu jua halijatoka, ule wa mwezi wa kumi unaobeba vumbi jekundu na kulipitisha hata chini ya mlango uliofungwa. Mchana mawingu mawili matatu yalijikusanya upande wa Mpwapwa, yakakaa kidogo, yakaondoka bila kuacha tone. Nimerudi kutoka Chemba saa kumi na nusu, mdomo umejaa mchanga.

Naandika kwenye daftari hilihili la vipimo vya kazi kwa sababu ndilo lililopo, na kwa sababu sina hakika kama haya yanastahili daftari lake. Mimi ni fundi umeme. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimefundishwa na mikono. Mahali nitakapoeleza vibaya, kosa ni langu, si la walionieleza.

Chemba nilikwenda kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Binti yetu wa kwanza anaolewa mwezi ujao, na kwa desturi ya upande wa mama yake, mjomba ndiye anayemshika bibi harusi mkono na kumtoa ndani. Mjomba anaye mmoja tu. Na huyo mmoja hajakanyaga kwetu huu mwaka wa nne, kwa sababu yangu. Nilikwenda kumwomba arudi.

Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Mzee mmoja aliyetufundisha wote wawili, marehemu sasa, alituachia mambo mawili ambayo sisi tuliyashika kama sala. La kwanza lilikuwa utepe. Kila fundi wake alikuwa na rangi yake. Ukimaliza kuunga waya, unazungushia utepe mweusi wa kawaida, kisha juu yake unaweka pete nyembamba ya rangi yako, ili siku kiungo kikileta matata ijulikane ni mkono wa nani na mtu asimsingizie mwenzake. Rangi yangu ilikuwa nyeupe. Shemeji alichagua ya chungwa. Alisema nyeupe ni ya watu wanaotaka kuonekana hawana dhambi.

La pili lilihusu nyutro. Umeme mkubwa huja kwa nyaya tatu tunazoziita fezi, na nyutro ni waya wa nne, ambao umeme hurudi kupitia huo. Fezi tatu hazipandi kwa pamoja. Hupokezana, moja ikiwa juu nyingine ziko chini, kwa hiyo zikibeba mizigo iliyolingana, zinaporudi kwenye nyutro hufutana, ikabaki karibu bure. Mzee alikuwa akisema nyutro ni bosi wa ofisini, jina lake liko kazini lakini mgongo wake haujui gunia. Ndiyo maana alitufundisha kwamba waya wa nyutro unaweza kuwa mwembamba kuliko wa fezi na hakuna litakaloharibika. Kwa haki yake, siku zake alikuwa sahihi. Alikuwa akifunga balbu za kuwaka njano, pasi na mashine za kusaga.

Sisi tukapewa jengo la ghorofa moja mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, mali ya mama mmoja muuguzi mstaafu. Chini kulikuwa na watu wa kuchapa na kutoa nakala, juu darasa la kompyuta la wanafunzi. Taa zote za LED. Nyaya nilichagua mimi, na nyutro nikaiweka nyembamba, kama tulivyofundishwa. Viungo vya kwenye bodi ya kugawia umeme alifunga shemeji, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Hilo nilikuwa naliandika hata zamani, lipo kurasa za nyuma.

Haukupita muda mrefu tangu darasa lianze, tukaenda kuongeza soketi. Shemeji akafungua bodi, akaweka mgongo wa kiganja juu ya ganda la waya wa nyutro, vile mama anavyompima mtoto kwenye paji la uso. Akanigeukia.

"Shemeji, huyu ana homa."

Nilikuja na mita yangu kesho yake saa mbili asubuhi. Nikabana waya, nikasoma, namba ikawa ndogo. Nikamwonyesha, nikamwambia mita haijaona homa, labda aliyeumwa ni yeye. Alicheka, maana palikuwa na watu. Lakini alilisema tena mara ya pili, na mara ya tatu alisema tubadilishe waya tuweke mnene. Nikamjibu kwamba mzee angetushangaa.

Nyutro ilikatika siku ya Jumanne asubuhi. Nieleze kwa asiyejua: nyutro ikikatika, umeme hupoteza njia yake ya kurudi, ukaanza kupenya kutoka fezi moja kwenda nyingine kupitia vyombo vya watu. Taa nyingine zikafifia, nyingine zikawaka nyeupe kama mtu anachomelea chuma, kisha kompyuta zikaanza kufa moja baada ya nyingine, kila moja na mlio wake mdogo. Hakuna aliyeumia. Kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo.

Tulipofika, yule mama alikuwa amesimama na wapangaji wake wote, na hakuwa na ukali. Alituuliza kwa upole tu, wanangu, hapa ilikuwa kazi ya nani. Nikafungua bodi. Kiungo cha nyutro kilikuwa kimeungua kikawa mkaa, waya umeachia, lakini kwenye kipande cha utepe kilichobaki upande wa chini pete ya chungwa ilikuwa bado inaonekana. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Nikasema, "Utepe huu si wangu."

Nimeyapima maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyowahi kupima waya. Hayana uongo hata kidogo. Utepe haukuwa wangu. Shemeji hakunitazama mimi, alitazama utepe, kisha akasema ni wake, akafunga mfuko wake wa vifaa, akatoka. Yule mama alimwomba asirudi tena kwenye jengo lake, na wapangaji wakaeleza walikokwenda. Dodoma ya mafundi ni ndogo. Ndani ya miezi mitatu hakuna aliyemwita hata kubadilisha swichi, naye akarudi kwao Chemba kwenye alizeti na mbuzi.

Jioni ya siku ile nilimsimulia mke wangu yote, na sikupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mboga. Kisha akasema, "Ulisema kweli. Ndiyo maana sijui nikugombeze vipi."

Hakunigombeza. Miaka hii yote hajanigombeza. Ila aliacha kumtaja mdogo wake mbele yangu, na akienda Chemba kuwaona wazazi alikuwa akisema tu anakwenda nyumbani, kama mtu ambaye hapa anapanga chumba.

Kiungo kile nilikifunga upya mimi mwenyewe. Waya uleule, unene uleule. Nikakaza kweli kweli, nikazungusha pete yangu nyeupe.

Mwezi wa nane mwaka huu tuliitwa mafunzo ya siku tatu hapa mjini, mafundi wenye leseni. Mwalimu wetu alikuwa mhandisi kijana wa kike, mvumilivu sana. Somo la siku ya pili aliliita hamoniki. Alichora wimbi kubwa ubaoni, la mviringo mzuri, akasema huo ndio umeme unavyotoka kwenye mtambo. Balbu ya zamani huunywa taratibu kwa kuufuata umbo lake, kama mtu anavyokunywa uji. Lakini kompyuta, chaja na taa za LED husubiri wimbi lifike kileleni ndipo zinagugumia mkupuo mmoja, zinaacha, zinagugumia tena. Mikupuo hiyo huchafua umbo la wimbi. Ukilichambua wimbi lililochafuka, unakuta juu ya lile kubwa yamepanda mawimbi madogo yenye mbio zaidi: mengine mara tatu, mengine mara tano, mengine mara saba. Hayo ndiyo hamoniki. Yale ya mara tatu, akasema, hayafutani kwenye nyutro. Yanajumlishana.

Nilinyoosha mkono. Nikamuuliza sasa nyutro inabeba nini, ikiwa sisi tumefundishwa haibebi kitu.

"Baba," akanijibu, "nyutro inaweza kubeba kuliko fezi."

Niliiandika sentensi hiyo na kuipigia mstari. Sikuwa nimeielewa. Alituandikia hesabu za pembe, wenzangu wakawa wanaitikia kwa vichwa, nami nikaitikia. Mchana akatuonyesha mita mbili zimebana waya mmoja, moja ya kawaida kama yangu, nyingine inayopima umeme hata ukiwa umechafuka. Hazikusoma sawa. Ya kawaida ilisoma pungufu.

Nilielewa Jumamosi iliyofuata, nyumbani. Mke wangu, binti yetu na jirani walikuwa wanatwanga uwele wa maandalizi ya harusi, watatu kwenye kinu kimoja, kwa kupokezana. Mchi unashuka, unainuka, unafuata wa pili, wa tatu, unarudi wa kwanza, wala michi haigusani. Hizo ndizo fezi tatu, nikajiambia, zinapeana nafasi. Ndipo nikawaza: ingekuwaje kila mmoja, ndani ya muda wa mzunguko uleule, angepiga mara tatu badala ya moja? Nikawaomba wajaribu. Jirani akauliza kama nimelewa na jua. Binti akasema baba ameanza kuzeeka kabla hajapokea wakwe. Lakini walijaribu, na ilikuwa lazima iwe vile ilivyokuwa. Pigo la pili la mmoja lilimkuta mwenzake kwenye la kwanza, na la tatu la yule mwingine. Michi yote mitatu ilishuka kwa wakati mmoja, ikagongana, uwele ukaruka mpaka miguuni kwangu. Wakaachia michi wakicheka.

Mimi nilikuwa natazama kinu. Wapokezane vyovyote watakavyo, mapigo ya mara tatu yanaangukia pamoja, na anayeyapokea yote ni kinu. Nyutro ndiyo kinu.

Nadhani nilisema kwa sauti, kwa sababu mke wangu aliacha kucheka. Akaniuliza nimeona nini. Nikamweleza pale pale, mbele ya jirani, kwamba waya ule wa Kikuyu ulikuwa unabeba mzigo ambao mimi nilisema haupo. Aliokota mchi wake, akaufuta kwa upindo wa kanga.

"Kwa hiyo alikuwa anasema kweli," akasema, "ila yeye ndiye aliyefukuzwa."

Sikutaka kwenda Chemba na maneno ya kinu. Ningekuwa nimekosea tena je? Nilimwomba yule mhandisi mita yake kwa siku moja, nikaenda kwa mama muuguzi. Akaniruhusu bila maswali mengi. Safari hii nilipima saa saba mchana, darasa limejaa. Fezi zilisoma ampea ishirini na mbili, ishirini, na ishirini na moja. Nyutro ikasoma thelathini na nne. Nikapima tena, kisha tena. Mita yangu ya zamani ilisoma pungufu, hilo ni kweli, lakini naandika na hili: mwaka ule nilipima saa mbili asubuhi, nusu ya kompyuta zikiwa zimezimwa. Shemeji alishika waya mchana. Sijui mita ina fungu gani katika kosa na mimi nina lipi. Sitaki kuibebesha mita zaidi ya haki yake.

Kisha nikazima umeme, nikakiangalia kiungo. Pete yangu nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Ganda la waya limeanza kujikunja. Mkono wangu, utepe wangu, kiungo nilichokikaza mwenyewe, na kilikuwa kinakwenda njia ileile. Siwezi kuapa kwamba kiungo cha shemeji hakikuwa kimelegea hata kidogo. Kimeungua, ushahidi umeungua nacho. Lakini hiki changu hakikuwa kimelegea, na bado kilikuwa na homa.

Jumapili iliyofuata nilitoa waya ule. Kwenye darasa la kompyuta nikaipa kila fezi nyutro yake, zisichangie, na kwenye njia kuu nikaweka nyutro nene mara mbili. Mhandisi alisema kompyuta zikiongezeka kitafungwa pia kichujio karibu nazo, cha kuzuia yale mawimbi ya mara tatu yasitoke nje. Mama muuguzi nilimweleza kwamba kosa la mwaka ule lilikuwa la waya niliouchagua mimi. Akaniuliza yule kijana yuko wapi siku hizi. Nikamwambia analima. Akasema nimpe pole yake, na kwamba na yeye alikuwa na haraka siku ile. Ilibidi aliseme, na alilisema.

Leo ndipo nikaenda Chemba. Basi la asubuhi, kisha bodaboda mpaka kwao. Njiani nilikuwa nayapanga maneno, kila nikiyapanga nikaona yanajitetea, nikayafuta.

Nilimkuta anatengeneza boma la mbuzi kwa miiba. Amekonda, na mikono imekuwa ya jembe. Aliponiona alisimama, akakung'uta viganja.

"Shikamoo, shemeji."

Hiyo ndiyo iliyonivunja kabla hatujaanza. Miaka kumi na moja hakuwahi kuniamkia. Tulikuwa tunasalimiana kwa matusi ya utani. Aliniita mchinja nyaya, mimi namwita mume wa mbuzi, na dada yake alikuwa akitukataza mbele ya wageni. Leo kanipa heshima yote ninayostahili kwa umri. Nikaitikia marahaba, kwa kuwa sikujua la kufanya.

Alinipa kigoda, yeye akakaa juu ya gogo. Nikampa daftari hili, ukurasa wa vipimo. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Aliuliza nilipima na mita gani, nikamweleza. Aliuliza saa ngapi, nikamweleza na hilo. Nikamsimulia hamoniki, na kinu, na pete yangu ilivyobadilika rangi. Kwenye kinu alitabasamu kidogo, nikafikiri tumefika.

Akanirudishia daftari. "Kwa hiyo umepata mita nyingine."

Nikasema ndiyo.

"Mimi nilikwambia mara tatu kwa mkono huu."

Hakuwa amepandisha sauti. Nikamwambia nimemkosea, kwamba nyutro niliielewa vibaya. Akatikisa kichwa. Akasema kwa nyutro hana kinyongo nami. Hata yeye hakujua kwa nini ina moto, alijua ina moto tu, na hamoniki ndiyo kwanza anaisikia leo kutoka kwangu.

"Siku ile ulisema utepe si wako," akasema. "Ungeongeza kwamba waya ni wako. Kilichobakia kilikuwa kifupi hivyo, shemeji. Nilisimama pale nakingoja. Hata nilipofika getini nilikuwa bado nakingoja."

Miaka minne nimejitetea kwamba sikusema uongo. Nimekwenda na vipimo, na vipimo ni sahihi. Lakini alichokuwa ananidai hakikuhitaji mita wala mafunzo ya siku tatu. Nilikuwa nakijua asubuhi ileile, mbele ya bodi, kwamba nyaya nilichagua mimi. Nilijua, na nilinyamaza. Pete ya chungwa ilikuwa imewekwa pale ili mtu asisingiziwe, nami nikaitumia kujificha.

Baada ya muda nikamfikishia pole ya mama muuguzi, kisha nikamweleza la binti. Aliuliza bwana harusi ni mtu wa wapi, ni mtu wa namna gani, akauliza kama mtoto mwenyewe anampenda. Akasema atakuja.

"Nitamshika mkono nimtoe nje, yule ni mtoto wangu," akasema. "Ila chakula cha kwako sitakula. Usinikasirikie. Nikikaa mezani pako nitakuwa naigiza, na mimi kuigiza siwezi. Bado."

Nikamwambia sina haki ya kukasirika. Nilitaka kumuuliza hiyo bado ina urefu gani, lakini niliona ningekuwa namwomba tena anifanyie kazi yangu.

Wakati naondoka aliingia ndani akatoka na dumu dogo la mafuta ya alizeti, ya kwake mwenyewe, akanipa nimpelekee dada yake. Akanisindikiza mpaka ilipokuwa bodaboda. Akaniamkia tena wakati wa kuagana, jambo ambalo si la kawaida, na sijui alimaanisha nini. Huenda hakumaanisha kitu. Nisimwekee maana isiyo yake.

Nyumbani mke wangu alikuwa mlangoni. Nilimweleza yote, pamoja na lile la getini, na lile la chakula. Hakulia. Alilipokea dumu, akafungua kizibo, akanusa, akakaa nalo mapajani. Binti alipouliza kama mjomba atakuja, alimjibu kwamba atakuja kumshika mkono, akaishia hapo.

Kabla giza halijaingia nilichukua utepe mweupe uliobaki kwenye mfuko wa kazi, nikautupa, kisha nikauokota. Nimeuweka tena mfukoni. Kuutupa nako ni kujificha.

Jioni tumekula ugali wa uwele na mlenda, na dagaa ambao mke wangu aliwakaanga kwa mafuta ya mdogo wake.